Pudini ya chia ya machungwa bila maziwa ya ng'ombe: mambo ya kujua kabla hujaiandaa usiku

Niliacha maziwa ya ng'ombe kwa sababu tumbo langu lilikuwa haliyawezi tena. Daktari alinieleza kwamba kimeng'enya cha kusaga ile sukari ya maziwa, laktozi, hupungua kwa watu wengi wakishakuwa wakubwa, na inakadiriwa karibu theluthi mbili ya watu duniani wana hali hiyo kwa kiwango fulani, kwa hiyo sikuwa na ugonjwa wa ajabu. Sawa, nikaelewa. Lakini kilichoniuma ni kifungua kinywa. Nilizoea mtindi na matunda, kitu cha baridi chenye uchachu kidogo, unafungua friji unachukua unaondoka, na ghafla hakipo. Kwa muda mrefu nikawa natoka nyumbani na njaa, ikifika saa nne nakula chochote kilicho karibu, halafu mchana mzima sina raha. Aliyewahi kukatazwa chakula anachokipenda atanielewa.

Pudini ya chia, yaani mbegu ndogo za chia zilizoloweshwa kwenye maziwa mpaka zikashika, niliifuata kwa sababu hiyo, nikijua inaweza kukaa friji ikanisubiri, na nikataka yenye machungwa na limau ili nipate ule uchachu wa mtindi nilioukosa. Sasa maelezo mengi utakayokutana nayo yanasema changanya kila kitu usiku, weka friji, asubuhi kula. Kwa pudini ya vanila au ya kakao hiyo ni kweli kabisa. Kwa ya machungwa siyo kweli, na hapo ndo zilipopotea mbegu zangu nyingi na maziwa mengi, na chia siyo mbegu za bei rahisi. Nikisema kwa kifupi, chia yenyewe haina shida, kinachosumbua ni chungwa na limau na saa unayoyatia. Naandika ili wewe usipitie huko.

Tuanze na mbegu. Chia asili yake ni Meksiko na Guatemala, Waazteki walikuwa wanailima zamani sana, ni mmea wa familia moja na mnanaa na rehani. Mbegu ikilowa, ganda lake la nje linatoa ute, na huo ute unashika maji mengi, inatajwa mara 10 hivi ya uzito wa mbegu. Ndo maana haihitaji jelatini wala kupikwa. Nyeusi na nyeupe virutubisho vyake karibu ni sawa, usilipe zaidi kwa ajili ya rangi, ila kwenye pudini ya limau nyeupe inapendeza macho, basi. Gramu 28 za chia zina nyuzinyuzi karibu gramu 10, protini kama gramu 5 na mafuta ya omega-3 ya aina ya mimea kama gramu 5. Hayo mafuta ni mazuri ila mwili unabadilisha sehemu ndogo tu kuwa aina ile ya samaki, kwa hiyo anayekuambia ukila chia huhitaji samaki usimsikilize sana.

Kipimo kilichokaa vizuri kwangu ni vijiko 3 vya chakula vya chia kwa kikombe kimoja cha kimiminika, yaani ml 240 hivi. Vijiko 2 inabaki ya kunywa, vijiko 4 inakuwa nzito mpaka kijiko kinasimama na unameza kwa shida. Na hapa kuna kitu kidogo ambacho watu wanakipuuza sana, kukoroga mara ya pili. Ukichanganya mara moja tu ukafunga ukaenda kulala, mbegu zinazama chini zinashikana, asubuhi unakuta donge gumu chini ambalo katikati yake bado kavu na juu maziwa matupu. Koroga kwa uma, acha dakika 5, koroga tena ukikwangua chini na pembeni, acha dakika 10 nyingine, koroga tena ndo uweke friji. Baada ya hapo haitashikana tena. Na koroga ikiwa bado haijapoa, kwenye baridi ute unatoka taratibu.

Haya, tuje kwenye limau.

Mara za mwanzo nilikuwa natumia maziwa ya soya, nakamulia limau zima humo humo pamoja na juisi ya chungwa, natia chia, nafunga. Asubuhi nafungua, maji ya njano yamejitenga pembeni na humo ndani kuna chembechembe nyeupe, yaani maziwa yamekatika kabisa. Harufu haina shida, halijaoza, ila ukitia mdomoni ni kama mchanga laini na hamu inaisha hapo hapo. Nikabadilisha kampuni ya maziwa, ikawa vilevile. Nikahamia maziwa ya lozi, nayo yakakatika, kidogo zaidi lakini yakakatika.

Sababu yake ukishaijua hutahangaika tena. Protini ya soya, na ya lozi pia, ikikutana na asidi inagandana, ndo njia hiyo hiyo watu wanayotumia kutengeneza tofu, ile jibini ya soya, kwa juisi ya limau. Limau ni kali sana, pH yake (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo ndo kali zaidi) iko kati ya 2 na 3, chungwa ni poa zaidi, kuanzia 3 na nusu mpaka 4 hivi. Kwa hiyo ukimimina limau kwenye maziwa mepesi ambayo hayajashikwa na kitu chochote, protini zinapata nafasi ya kuogelea, kukutana na kufanya mabonge. Lakini ukiacha chia ishike kwanza, ute ukaenea, halafu ndo ukatia limau kidogo kidogo huku unakoroga, zile chembe hazina pa kukusanyikia. Hata kama maziwa yamekatika kidogo ndani kwa ndani, ulimi hausikii. Na kuna faida ya pili, ute wa chia wenyewe haupendi asidi, ukiulowesha kwenye limau tangu mwanzo unatoka mwepesi na pudini inabaki majimaji. Ukishashika kwanza hausumbuki sana.

Nikafurahi nikadhani nimemaliza, kumbe chungwa nalo lina lake. Nikawa natia juisi ya chungwa usiku kwa sababu haikatishi maziwa kama limau, na usiku ule naonja ni tamu kweli, asubuhi ni chungu. Siyo chachu, chungu, ule uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Mdogo wangu alionja akaniambia, "Dada, mbona kama umetia dawa humu?" Nilihangaika na hilo kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote, nikawa nalaumu mbegu, nalaumu chombo cha plastiki, nikaongeza asali, ikawa tamu na chungu kwa pamoja.

Ni machungwa yenyewe. Kuna machungwa ya aina ya Navel, yale yenye kama kitovu chini na hayana mbegu, matamu sana ukiyala, ila juisi yake ikikaa inageuka. Ndani ya nyama yake na zile ngozi zake kuna kitu ambacho hakina ladha, lakini ukishakamua kikakutana na asidi ya juisi yenyewe, taratibu kinageuka kuwa limonini, nayo ni chungu hasa. Inachukua saa kadhaa, ndo maana ukikamua na kunywa papo hapo husikii kitu. Machungwa ya Valencia yana shida hiyo kidogo zaidi na ndo maana yanapendwa kwa juisi. Mbegu za limau na chungwa nazo zina limonini, kwa hiyo ukikamua kwa blenda na mbegu zikasagika umeharibu, chuja mbegu kwanza. Na ukikamua usiminye sana mpaka ngozi nyeupe nayo inatoa maji yake, hiyo nyeupe ndo yenye uchungu mwingine.

Tangu nilipoelewa hapo nikabadilisha utaratibu wote. Usiku hakuna juisi kabisa. Usiku natia ganda.

Ganda nalisema kwa mapenzi kabisa kwa sababu ndo lililookoa hii pudini. Harufu yote ya chungwa na limau iko kwenye vile vitundu vidogo vya mafuta kwenye ganda la rangi, juisi ina uchachu na utamu lakini harufu ni ganda. Na mafuta yale, tofauti na juisi, hayana asidi, hayakatishi maziwa, yakikaa usiku kucha yanaingia kwenye maziwa na pudini nzima inanukia. Tumia kikwaruzo chenye meno madogo sana, kwaruza ile rangi ya juu tu, geuza tunda kila ukiona nyeupe inaanza kutokea. Kwaruza kabla hujalikata, tunda likishakatwa na kukamuliwa halikwaruziki, linabonyea tu. Na lioshe vizuri kwa maji ya uvuguvugu na brashi, kwa sababu machungwa mengi ya dukani yamepakwa nta na dawa za kuzuia ukungu. Kama una sukari au unatumia yoyote ya chengachenga, isugue pamoja na hilo ganda kwa vidole kabla ya kuweka maziwa, inalowa inageuka rangi, harufu inajaa jiko zima. Kama hutumii sukari tupia ganda moja kwa moja, inatosha.

Kwa hiyo saivi naifanya hivi, kwa mtu mmoja. Usiku: maziwa ya mimea ml 200, chia vijiko 3 vya chakula, ganda la nusu chungwa na la robo limau, chumvi ya kubana kwa vidole viwili (chumvi inapunguza uchungu, usiiache), na kitu cha utamu ukitaka. Nakoroga zile mara tatu nilizosema, naweka friji. Inahitaji angalau saa 2 kushika, ikilala ni bora. Asubuhi: nakamua chungwa vijiko 2 au 3 vya chakula na limau kijiko kimoja cha chai, namimina kidogo kidogo nikikoroga, naonja, naongeza limau kama bado. Juu nakata vipande vya chungwa au chenza. Kazi ya asubuhi haizidi dakika 3, na hiyo ya usiku kama robo saa, nyingi yake ni kusubiri.

Utaona usiku nimeweka ml 200 na siyo 240, ile nafasi iliyobaki ni ya juisi. Ukijaza maziwa yote usiku halafu uongeze juisi asubuhi inakuwa supu.

Kuhusu maziwa gani, hapa nina msimamo. Watu wengi wanatumia ya lozi kwa sababu ni mepesi na kalori ni chache, lakini mengi ya dukani yana protini kidogo mno, na mimi nikila hiyo saa nne nasikia njaa tena. Soya ina karibu gramu 3 au zaidi kwa ml 100, hiyo ndo inanifikisha mchana, na kwa kuwa juisi siku hizi naitia mwisho sina tena shida ya kukatika. Maziwa ya oti yana utamu wake wa asili na yanavumilia chungwa vizuri, ni mazuri kama hutaki kuongeza sukari. Tui la nazi ndo tamu kuliko yote, sitadanganya, na limau na nazi vinapendana, lakini tui zito lina mafuta gramu 20 hivi kwa gramu 100 na mengi ni yale mafuta yaliyoshiba (saturated), kwa hiyo kama unakula kila siku kwa ajili ya afya changanya robo tui na robo tatu maziwa mengine. Halafu mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo pudini ya tui zito ikitoka friji inakuwa ngumu na ina vipande vya mafuta, itoe dakika 15 kabla.

Na kama umeacha maziwa ya ng'ombe na hayo ndo yalikuwa yanakupa kalisi (kalsiamu), chagua maziwa ya mimea yaliyoongezwa kalisi na yatikise kabisa kabla ya kumimina, kwa sababu kalisi inazama chini ya boksi, usipotikisa unaiacha humo. Chungwa linasaidia pia upande wa madini ya chuma yaliyomo kwenye chia, vitamini C inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya mimea, hiyo ni sababu nyingine ya kutia juisi asubuhi ikiwa mpya maana vitamini C inapungua ikikaa.

Tofauti moja muhimu kwa wenye mzio na siyo laktozi tu. Maziwa yaliyoandikwa hayana laktozi bado ni ya ng'ombe, laktozi yake tu ndo imevunjwa au kuondolewa, protini zimo. Na kuna krimu za unga zinazoandikwa siyo za maziwa lakini ukisoma viungo unakuta kaseini, ambayo ni protini ya maziwa. Mwenye mzio wa kweli anaweza kuumia vibaya, kwa hiyo soma nyuma ya pakiti kila mara. Na kama unampikia mgeni muulize kuhusu lozi na soya pia.

Tumbo. Niseme wazi kwa sababu watu wanaona aibu kulisema. Wiki ya kwanza nilikuwa na gesi na kujaa mpaka nguo zinabana, nikadhani hata hii nayo tumbo limeikataa. Vijiko 3 vya chia ni kama gramu 12 za nyuzinyuzi kwa mlo mmoja, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku nzima, yaani karibu nusu ya siku umeimaliza kabla ya saa mbili asubuhi. Kama tumbo halijazoea litalalamika. Nilichofanya ni kula nusu chombo asubuhi na kuacha nusu ya kesho yake, nikaongeza taratibu, na kunywa maji zaidi, kwa sababu nyuzinyuzi nyingi bila maji zinakuletea choo kigumu badala ya kukisaidia. Baada ya hapo tumbo likatulia na hadi sasa liko sawa kuliko wakati wa mtindi.

Usile chia kavu kwa kijiko ukasukumia na maji. Mwaka 2014 madaktari Marekani walieleza kisa cha mtu aliyefanya hivyo kwa kijiko kimoja tu cha chia, ikavimba ikamziba koo la chakula, ikabidi wamtolee hospitali kwa kifaa. Ikiwa imelowa vizuri haina tatizo hilo, lakini mwenye shida ya kumeza aongee kwanza na daktari wake. Na mtoto chini ya mwaka mmoja usimtilie asali.

Kuna balungi. Mama yangu anapenda balungi kuliko chungwa na nilitaka kumtengenezea yake, bahati nzuri nikamuuliza kwanza dawa anazotumia. Balungi linazuia kimeng'enya fulani tumboni kinachosaga dawa, matokeo yake dawa inaingia kwenye damu nyingi kuliko alivyopanga daktari, hilo lilitokea kwenye utafiti wa dawa ya presha ya felodipine mwaka 1991 na baadaye likaonekana kwa dawa nyingine nyingi, zikiwemo baadhi za kolesteroli kama simvastatin. Na siyo suala la kuachanisha saa, athari yake inaweza kukaa zaidi ya siku moja. Machungwa machungu, yale ya kutengenezea mamaledi, yana shida hiyo hiyo. Chungwa tamu la kawaida na chenza havina. Kwa hiyo mama anakula ya chenza, na ameipenda.

Kuhusu kukaa, msingi wake wa usiku, yaani maziwa na chia na ganda bila juisi, unakaa friji ya nyuzi 4 siku 4 au 5 bila wasiwasi ukiwa umefunikwa, kwa hiyo mi huwa naandaa Jumapili vyombo vya mpaka Alhamisi. Ganda likikaa zaidi ya siku 3 linaanza kuwa kali kidogo, basi vile vya mwisho natia ganda pungufu. Ikishatiwa juisi na matunda kula siku hiyo hiyo. Usikate machungwa ukayapanga juu tangu Jumapili, yanatoa maji na pudini chini inalegea, ukitaka kukata mapema yaweke chombo chake na yale ndani ya siku 2. Ukiona vipovu au inanuka kama kileo, mwaga.

Ukiwa unabeba kwenda kazini beba juisi kwenye kichupa kidogo na matunda pembeni, uchanganye ukifika, na kama njiani hakuna kitu cha baridi isizidi saa 2 nje ya friji, kwenye joto kali hata saa moja ni nyingi. Onja utamu na uchachu ikiwa ya baridi, siyo usiku ikiwa ya uvuguvugu, kwa sababu baridi inapunguza utamu, kile ulichosema kinatosha jioni asubuhi unakuta kimepungua. Na ukitumia ndimu badala ya limau anza na nusu kijiko cha chai, nyingi zina ukali unaofunika chungwa lote, halafu ongeza tone kwa tone mpaka usikie chungwa bado lipo.